Liyongo wa Ngazi ya Kwanza

Kila aliyesoma habari za Fumo Liyongo anajua zinakoishia. Shujaa yuko kisimani, amepiga goti, mshale uko kwenye upinde, na watu wa mji wamesimama mbali na mitungi yao wakiogopa kuteka maji, kwa kuwa hawajajua kwamba wanayemwogopa ameshakufa. Mezani kwetu Mombasa hajafika huko. Ana miaka kumi na tisa, upinde mrefu, podo la mishale ishirini na alama 11 za uhai. Mbwa mwitu wawili wakimkuta pabaya wanaweza kummaliza usiku huu huu, na hakuna mtu mezani anayejua kama ataiona kesho, hata mimi niliyemtengeneza.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Mashujaa nimekaa nao kwa namna ile inayotakiwa na mtihani: taja sifa tano za shujaa, toa mifano, eleza dhamira. Mpwa wangu ndiye aliyeniingiza katika mchezo huu wa kuigiza mezani, na umenifanya nimuulize Liyongo maswali ambayo darasani sikuwahi kumuuliza.

Mchezo wenyewe unahitaji maneno kuliko kitu kingine chochote. Watu wanne au watano wanaketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi, ambaye wachezaji wamezoea kumwita DM (Dungeon Master). Anasema: mmefika ukingoni mwa mto, mtumbwi uko ng'ambo, kuna kitu kinachakarisha vichakani, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mhusika wake mmoja na humjibia. Jambo lisilo na mashaka linafanyika tu. Lenye mashaka, kama kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi wa lango, linaamuliwa kwa dadu yenye pande ishirini: namba iliyotoka inajumlishwa na uwezo wa mhusika, na jumla ikifika kiwango alichokiweka msimulizi, amefaulu. Isipofika, hadithi inageuka na nyote mnaifuata huko ilikogeukia. Mshindi hayupo. Mchezo wa aina hii unaojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani.

Hamu ya kumleta mezani shujaa uliyemsoma ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Mwaka 1975, Joe Fischer aliandika katika jarida la The Strategic Review kanuni za mhusika wa aina mpya, mlinzi wa nyika, na aliyesoma riwaya za Tolkien hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni Aragorn. Ufanano ulikwenda mbali. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978, mlinzi wa nyika aliyefika ngazi ya kumi (mhusika huanza ngazi ya kwanza na kupanda kadiri anavyocheza) aliruhusiwa kutumia vifaa vya kiganga vya kuonea mambo ya mbali. Mtu wa porini, mwenye upanga na mbwa wa kuwindia, ana haja gani na mawe ya uaguzi? Hana. Ila Aragorn katika The Lord of the Rings alitazama jiwe la namna hiyo, kwa hiyo kila mlinzi wa nyika duniani akarithi ruhusa yake. Shabiki mmoja alitaka kucheza shujaa wake, na sheria za watu wote zikabadilika.

Baadaye jarida la Dragon likawa na safu iliyowapa mashujaa wa riwaya namba zao, huyu nguvu kiasi hiki, yule ngazi ya ishirini na kitu. Namna ile siipendi. Inampokea shujaa akiwa ameshamaliza kila kitu: vita ameshinda, siri zake zimefichuka, na nguvu zake zimepita za wote watakaoketi naye. Mtu wa hivyo ukimweka mezani ataua kila anayetokea, na wenzako watabaki kumtazama. Anayetaka kumfufua shujaa wake inampasa amchukue kabla hajawa shujaa.

Ndivyo nilivyomchukua Liyongo. Habari zake ziko kwa namna nyingi. Edward Steere alichapisha kisa chake kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913, na huo ndio wengi wetu tunaoujua. Humo Liyongo ameshakuwa mtu mzima wa kutisha. Anabeba mkoba ambamo mna kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, na anapuliza pembe mpaka inapasuka. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa aliye ng'ambo ya Pate, ambaye sultani wa Pate hajaanza kumwogopa, utendi haukumshughulikia. Nikampata hapo.

Kanuni tunazotumia, za toleo la tano la 2014, zinakupa namba sita uzigawe katika sifa sita: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Mhusika akiwa binadamu, kila moja inaongezwa 1. Namba kubwa niliipeleka kwenye wepesi, kwa kuwa upinde katika mchezo huu unategemea mkono na jicho kuliko misuli. Nguvu ikapata 14. Haiba 13, maana huyu ni mtu aliyeimba mpaka mji mzima ukakesha. Ukakamavu 12. Zikabaki 10 na 8, na sifa mbili: akili na busara.

Hapo ndipo tulipokwama. Mpwa wangu, ambaye ndiye msimulizi wetu, alikuwa na hakika.

"Mjomba, 8 ni ya busara. Mtu anaulizwa na mwanawe, baba, wewe unauawa na nini, naye anajibu! Sindano ya shaba, kitovuni. Busara iko wapi hapo?"

Nikamwambia asome tena. Katika utendi wa Kijumwa, Liyongo anashuku. Anaona kwamba mwanawe ametumwa, anaona kwamba waliomtuma watamhadaa, na bado anamwambia. Huyo hakukosa kuona. Aliona yote, akashindwa kumnyima mtoto. Katika mchezo huu busara ni macho ya moyo, uwezo wa kutambua nia ya mtu kabla hajasema, na huo Liyongo alikuwa nao. Nimefundisha utendi ule kwa madarasa mengi nikiandika ubaoni "usaliti" kama dhamira na kupita. Sikuwahi kusimama kwenye lile jambo la baba anayejua na anasema hata hivyo, mpaka nilipolazimika kuamua namba 8 iende wapi.

Ikaenda kwenye akili. Iliniuma kidogo, lakini akili ya kwenye karatasi hii ni elimu ya vitabu, kumbukumbu za tarehe na uchunguzi wa makaratasi. Ushairi wake unatoka kwenye haiba. Busara ikapata 10. Na ule upendo unaomponza tukauandika mahali pake, maana karatasi ya mhusika ina sehemu ya maneno pia: tabia, imani, mtu au kitu anachofungamana nacho, na udhaifu. Kwenye udhaifu nimeandika: siwezi kumnyima kitu mtu wa damu yangu. Sentensi hiyo ina uzito mezani kuliko namba zote sita. Mpwa wangu ameshaitumia. Alimleta binamu mwenye madeni aliyeomba upinde wa Liyongo akauweke rehani, nami sikuweza kukataa bila kumkana mhusika wangu mwenyewe.

Kuchagua kazi ya mhusika nako kulitaka mawazo. Mchezo una washairi wa aina yake, ambao nyimbo zao ni uganga: wakiimba, adui analala au jeraha linafunga. Nyimbo za Liyongo hazikuwa uganga. Zilifanya kazi kwa njia ya kawaida kabisa, na kwangu hilo ndilo la ajabu zaidi. Alipokuwa kifungoni Pate, aliimba wimbo uliobeba ujumbe kwa mama yake, atumiwe tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Kisha akaomba ngoma ya gungu ichezwe usiku wake wa mwisho, na matoazi na vigoma vikafunika sauti ya tupa inayokata minyororo. Kwa hiyo tumemfanya askari mwenye mafunzo ya upinde, tukampa ujuzi wa uimbaji kama jambo alilokulia nalo. Uganga hana.

Na lile la kutodhurika kwa chochote ila shaba? Mtu asiyedhurika hana la kucheza. Mpwa wangu alinishauri tuliondoe kwenye karatasi na tulibakishe kwenye hadithi. Liyongo wangu hajui chochote kuhusu shaba. Anaumia kama mwingine yeyote. Siku moja msimulizi ataamua kuna nini katika shaba hiyo, na siku hiyo mimi nitashtuka pamoja na mhusika wangu.

Nikueleze tulivyocheza kikoa cha makoma, kwa sababu pale nilielewa mchezo huu unafanya nini. Katika utendi, sultani anawatumia Wasanye na Wadahalo wamwalike Liyongo wale makoma kwa zamu, kila siku mtu mmoja apande mti awaangushie wenzake. Zamu yake ikifika na akiwa juu, watampiga mishale. Yeye hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, na njama inakufa. Hakuna mshale unaokosa, wala msomaji hangojei ukose.

Mezani mambo yalikuwa hivi. Liyongo ana nyongeza ya 3 kutokana na wepesi, 2 kutokana na mafunzo ya askari, na 2 kwa kuwa amejifunza upinde hasa. Jumla 7. Msimulizi akaweka kiwango cha 18 kwa tunda dogo lililo juu. Maana yake dadu ililazimika kutoa 11 au zaidi, nusu kwa nusu. Nikatupa: 14. Jumla 21, koma likaanguka. Nikatupa tena: 6. Jumla 13. Mshale ukapita ukapotelea mwituni, na msimulizi akasema polepole kwamba wale waalikaji wametazamana.

Utendi hauna ukurasa huo. Liyongo amekosa, maadui wameona kwamba anakosa, na jua bado liko juu. Nikanyamaza. Halafu nikasema Liyongo anacheka kwa sauti, anaweka upinde chini, anamshika mkono mkubwa wao na kumwambia, "Ndugu yangu, mkono wangu leo mzito. Kwetu mwenye karamu hupanda kwanza, mgeni akajifunza kwake. Tuoneshe." Hiyo ni haiba 2, na ujuzi wa ushawishi 2. Nikatupa dadu: 17. Jumla 21. Yule bwana akapanda mwenyewe, mbele ya watu wake, kwa sababu kukataa kungemwaibisha. Na wenziwe hawakuweza kupiga mshale mtini.

Sidai kwamba kisa chetu kinaushinda utendi. Utendi umeshapita mitihani ambayo meza yetu haitaiona. Lakini nilijua kwa mara ya kwanza hofu ya kusimama chini ya mti ule, na nilijua kwa kuwa dadu ilikuwa na ruhusa ya kuniangusha. Shujaa wa kitabu ana uhakika ambao mwandishi alimpa. Wa mezani lazima aupate mwenyewe, na pengine hataupata.

Liyongo wa utendi anatembea peke yake. Meza ina watu wanne na kila mmoja amekuja kucheza, kwa hiyo shujaa wako lazima apunguze kimo ili wengine wapate nafasi. Jirani yetu, muuguzi wa zamu za usiku, alichagua kuwa Saada, yule kijakazi aliyepeleka mkate gerezani. Kwenye utendi Saada anakuja na kuondoka. Anapeleka chakula, walinzi wanakula mikate mizuri na kuuacha ule wa wishwa kwa kuudharau, na tupa inafika. Sasa mtazame kama mhusika wa mchezo. Amepita mbele ya watu wenye silaha akiwa na chuma ndani ya mkate, uso haukubadilika, tena zaidi ya mara moja. Amebeba wimbo kichwani na kuufikisha kwa mama bila kukosea neno. Jirani yangu alimpa wepesi mkubwa na haiba kubwa, akamfanya mpenyezi, kazi ambayo mchezo umeiwekea kanuni za kujificha, kudanganya na kufungua kufuli. Kijana wangu mwenye upinde ameshaokolewa na Saada mara kadhaa. Nikirudi darasani, swali la sifa za Saada litakuwa na alama zake.

Si kila shujaa anakaa vizuri katika Dungeons & Dragons. Mmoja wa wachezaji wetu alitaka kuwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammad Said Abdulla, yule tuliyekutana naye mara ya kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake mdomoni. Tatizo lake ni gumu kuliko la Liyongo. Mkono dhaifu wa mchezaji haumzuii mhusika wake kuvuta upinde, kwa sababu dadu inavuta kwa niaba yake. Lakini Bwana Msa ana akili kuliko sisi sote tuliopo mezani. Utamchezaje mtu anayeona usichokiona? Ukimwachia dadu, siku itatoa 3, na mpelelezi mkubwa atapita mbele ya kiatu chenye tope bila kukiona. Huyo si Bwana Msa tena.

Ipo michezo iliyolifikiria jambo hili. Robin D. Laws alibuni mfumo uitwao GUMSHOE, ulioanza na mchezo wa The Esoterrorists, ambamo mpelelezi akiwa na ujuzi unaohusika na akautumia mahali panapostahili, dalili anaipata bila kutupa dadu. Mashaka yanahamia kwenye swali la pili: dalili hizi zikiunganishwa zinasema nini? Hapo mchezaji anafikiri kwa kichwa chake, lakini akiwa na kila kitu ambacho Bwana Msa angekuwa nacho mkononi. Mwenzetu sasa anacheza kwa mfumo huo siku ambazo Liyongo amepumzika, nami nafurahi kuwa Najum, rafiki yake anayeuliza maswali.

Kwa hiyo kabla ya kugusa namba, jiulize shujaa wako anakutia wasiwasi wapi. Mtu akinijia na kusema anataka kumtengeneza fulani kwa kuwa ana nguvu za kushinda wote, namuuliza ni kurasa zipi alizisoma akiwa ameshika pumzi. Jibu la hapo ndilo la kuandika kwanza kwenye karatasi. Kwangu mimi ilikuwa ni yule baba anayejua na anasema. Kwa jirani yangu ilikuwa ni mkate unaopita mlangoni. Namba zilifuata.

Kuanza hakuna gharama kubwa. Januari 2023, kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki Dungeons & Dragons, iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano kwenye leseni huria ya Creative Commons. Ni waraka wa kurasa takriban 400 unaopakuliwa bure. Dadu ikikosekana, simu ina programu za kutupa dadu, au andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi na uvichanganye ndani ya kofia. Sisi tunacheza kwa Kiswahili kitupu, na msimulizi anafasiri anapokwenda. Leseni ile inamruhusu mtu yeyote kuzitafsiri kanuni hizo, kuzichapisha, hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Walimu wenzangu, wanafunzi wa vyuo, na nyinyi wafasiri mnaotafuta kazi ya kuanzia: ruhusa imeshatolewa, na sura ya kutengeneza mhusika ndiyo inayohitajika kwanza.